Kituo Kimoja Kabla ya Mirembe

Katika miaka mitatu, kila mdogo wangu alipolazwa, nilikuwa nikishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kisha natembea kwa miguu sehemu iliyobaki, mkononi chupa ya chai na bakuli la ugali na mlenda nililolifunga kwa kanga. Konda akiita, "Mirembe, wa kushuka!" abiria hugeuza shingo kumtazama anayeinuka, na mara nyingi hakosekani mmoja mwenye utani mdomoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Dodoma, na baadhi ya abiria hao ni wazazi wa wanafunzi wangu. Majirani waliomzoea mdogo wangu kila alipokuja kunitembelea walipouliza habari zake, niliwajibu kwamba amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Alikuwa wodini, mwendo wa robo saa kwa bajaji kutoka sebuleni kwangu.

Ninayaandika haya kwa ruhusa yake. Nilimsomea rasimu jioni moja chini ya mti uani kwa mama, akasikiliza hadi mwisho, akanitaka nibadili neno moja tu: mahali nilipoandika "mgonjwa wetu" niandike "mdogo wangu". Nimefanya hivyo kila mahali isipokuwa hapa.

Sisi wenyeji wa Dodoma tuna jambo ambalo mikoa mingine haina. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo kwetu tangu mwaka 1927, wakati huo Dodoma ikiwa mji mdogo wa reli, na hadi leo watu husafirishwa kutoka pembe zote za nchi kuletwa hapa. Karibu nayo ipo Isanga, wanakohifadhiwa na kutibiwa wagonjwa waliofikishwa kwa amri ya mahakama, na ipo Itega, ambako vijana walionaswa na heroini hupewa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya heroini, kila siku chini ya uangalizi. Kwa kutazama ramani tu, mtu angesema kwamba sisi ndio tuliobarikiwa. Lakini ukaribu huo umetuzoesha fikra ambayo naiona kuwa na madhara, nayo ni kwamba ugonjwa wa akili una anwani. Tunaamini kwamba upo nyuma ya ukuta fulani, kwamba aliye nje ya ukuta huo ni mzima, na kwamba aliyetoka humo ama amepona kabisa ama hakutakiwa kutoka. Jina la hospitali lenyewe limegeuka tusi la kitaifa. Watoto wangu wa darasa la tatu hulitumia wakigombania kifutio.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akarudi kijijini kwetu wilayani Chamwino kumsaidia mama katika shamba la zabibu na la mtama. Ugonjwa ulianza akiwa na umri wa miaka 21, taratibu kiasi kwamba hakuna mtu nyumbani anayeweza kuitaja siku. Kwanza aliacha kula sahani moja na wenzake. Kisha akaacha kuoga. Baadaye akawa anatoka usiku wa manane na kutembea shambani akijibizana na mtu ambaye sisi hatukumwona, na asubuhi akienda kununua chumvi anarudi mikono mitupu akisema redio ya dukani inamtangaza yeye kwa jina. Mama alisema ni mawazo, kwa kuwa kulikuwa na binti aliyemkataa. Baba mkubwa alisema ni mambo ya ukoo ambayo hayakutimizwa. Mimi, niliyesoma, nilisema ni bangi, na nikalisema hilo kwa sauti ya juu mbele ya watu, ingawa sikuwahi kumwona akiivuta na wala sikumuuliza.

Tulikwenda kwa mganga. Ninajua wapo wasomaji watakaocheka, kwa hiyo nieleze yaliyotokea huko kwa uaminifu. Mganga alitupokea mchana kutwa. Alimuuliza mama habari za mimba, za kuzaliwa, za baba yetu aliyefariki, za ng'ombe, za jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba, na alimwacha mdogo wangu aseme yote aliyoyasikia bila kumkatiza. Hakuna mtu mwingine aliyetusikiliza kwa muda huo, kabla yake wala kwa muda mrefu baada yake. Dawa zake hazikusaidia, na tuliuza ng'ombe watatu. Lakini kila ninaposikia viongozi wakiwashutumu watu wa vijijini kwa kukimbilia kwa waganga, hujiuliza kama wamewahi kuketi kwenye benchi ambako mtu anayemhudumia mgonjwa wako haangalii juu kutoka kwenye daftari.

Ilipofika mwezi wa saba wa ugonjwa, mdogo wangu alitaka kuwasha moto katika ghala la jirani akiamini kwamba humo ndimo sauti zinamotoka. Mama alimfunga kamba ya katani kwenye nguzo ya nyumba, akamweka hivyo kwa siku 11. Kabla ya kuifunga, alichana kanga yake vipande akaizungushia kamba ile sehemu zote zitakazogusa ngozi, ili isimchubue. Nilipofika siku ya nne niliziona zile kanga, za rangi ya zambarau, nikashindwa kumlaumu na hadi leo sijamlaumu. Wanaozungumzia haki za wagonjwa wa akili husema kweli kwamba binadamu hafungwi kamba, nami nakubaliana nao, ila ningependa waseme pia kwamba mama mjane aliye peke yake kijijini, usiku, na mwanawe mwenye nguvu za miaka 21, alikuwa na nini kingine mkononi.

Aliyetuokoa hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja wa kijijini aliyejitolea kupima watoto uzito na kuhimiza chanjo, ambaye katika semina fulani alisikia kwamba mtu wa namna ile hutibika. Alikuja, akaketi, akamwambia mama kwa Kigogo kwamba mwanawe hajalaaniwa. Kesho yake waliandikiwa rufaa.

Alilazwa kwa wiki saba. Daktari alitupa jina la ugonjwa, skizofrenia, na nilipolitafuta nilikuta kwamba Shirika la Afya Duniani wakati huo lilikadiria watu milioni 24 wanaishi nao, yaani mtu mmoja katika kila watu 300 hivi, na kwamba kwa wanaume huanza zaidi katika umri ule ule ulioanza kwetu. Sijui kama kuna kitu kilichowahi kunifariji kama ile tarakimu. Miezi yote tuliyomtafuta mchawi, kumbe kwa hesabu tu ya watu, kila kata ya mkoa huu ina nyumba kadhaa zenye kilio kama chetu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, kwa sababu habari za kulazwa na kuruhusiwa hata wengine huzisimulia, na simulizi nyingi huishia pale mgonjwa anapovuka geti akitabasamu. Kwetu sisi shida kubwa ilianza hapo getini.

Mdogo wangu aliruhusiwa akiwa na bahasha ya dawa, daftari la mahudhurio na tarehe ya kurudi. Aliporudi kliniki mara ya kwanza dozi iliongezwa. Siku ya tatu baada ya hapo, akiwa kijijini, shingo yake ilianza kupinda upande mmoja, macho yakageukia juu yasishuke, na ulimi ukawa mzito mdomoni asiweze kusema. Kila mtu aliyekuwepo alijua maana yake: wamerudi, na safari hii wamekuja na hasira. Baba mkubwa alizichukua zile dawa na kuzitupa chooni. Shingo ilinyooka baada ya siku mbili, jambo ambalo kwa kila mwenye macho lilikuwa ushahidi kamili kwamba dawa za hospitali ndizo zilizowakasirisha. Haikupita miezi miwili, akawa shambani tena usiku.

Haikuwa pepo wala hasira ya mtu. Haloperidoli, dawa aliyokuwa akitumia, hutuliza sauti kwa kuzuia kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuongoza mwendo wa misuli. Ikizuiwa, hasa katika siku za mwanzo za dawa au baada ya dozi kupanda, misuli ya shingo, macho na taya inaweza kukaza ghafla. Kinachohitajika ni kumrudisha mgonjwa kwa mhudumu haraka, apunguziwe dozi au apewe dawa nyingine, benziheksoli, ambayo hulegeza mkazo huo. Ni jambo linalojulikana, linalotarajiwa, na lenye tiba ya bei ndogo. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama.

Alipolazwa mara ya pili, muuguzi mmoja, Mgogo mwenzetu, alimketisha mama kwenye ukingo wa bustani akamweleza yote haya kwa Kigogo, akimwonyesha kwa shingo yake mwenyewe jinsi inavyopinda. Alimweleza kwamba dawa haiponyi kama kwinini iponyavyo malaria, bali huzuia, kama boma linavyozuia fisi. Ukiliondoa boma kwa sababu fisi haonekani, atakuja. Nilitazama saa: mazungumzo yale yalichukua dakika 15. Mama hajawahi kuzitupa dawa tena. Kulazwa kule kwa pili, gharama zake, ng'ombe wa nne aliyeuzwa, na aibu ya mdogo wangu kurudishwa akiwa amefungwa ndani ya gari mbele ya kijiji kizima, vyote vingeepukika kwa dakika 15 za Kigogo.

Mama hajui kusoma. Daftari la kliniki analihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, lakini daftari lake halisi ni ukuta wa jikoni. Kila asubuhi mdogo wangu akishameza, mama huchora mstari mfupi wa mkaa. Siku ya sindano, ile inayokaa mwilini kwa takriban mwezi mmoja, huchora mrefu. Mwaka juzi nilipofika baada ya msiba uliompeleka Kondoa, nilimkuta amesimama mbele ya ukuta akihesabu nafasi tupu. Zilikuwa nne. Hakumgombeza mwanawe, alimwambia tu, "Hapa sikuwepo, na hapa wewe pia hukuwepo." Siku hiyo hiyo walipanda gari kuja mjini kabla hali haijaharibika.

Kuja mjini ni shughuli. Kutoka kijijini hadi barabara kuu ni bodaboda, kisha basi dogo, kisha daladala. Kwa watu wawili kwenda na kurudi tunatumia Sh 16,000, na mama ana safari hiyo kila mwezi, awe amevuna au hajavuna. Wanaoijua Dodoma wanajua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, nayo ikigoma hakuna mtama wa kuuza. Tuliwahi kumlipia mama kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, Sh 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na ni jambo jema, lakini bima haipandi basi. Nimekaa kwenye foleni za kliniki kwa miaka kadhaa sasa, nimezungumza na wenzangu kutoka Bahi, Kongwa na Mpwapwa, wengi wao wakiwa wamewaleta watoto wenye kifafa, na sijakutana hata na mmoja aliyeacha dawa kwa sababu ya ubishi mtupu. Wameacha kwa sababu nauli ilikosekana mwezi wa Januari, mwezi wa Februari wakaona mgonjwa hajambo, na mwezi wa Machi mgonjwa akawa hakubali tena kupanda gari.

Kijijini kwetu ipo zahanati. Sitaitaja, kwa kuwa ninaamini si yenyewe pekee iliyo hivyo. Nilikwenda kuuliza kama mdogo wangu anaweza kuchukulia dawa hapo, akirudi mjini mara moja kwa miezi mitatu tu ili daktari amwone. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu sana. Aliniambia kwamba dawa hizo hapo hazipo, kwamba hata zikiletwa yeye hana uzoefu nazo, na kwamba "hizo ni za Mirembe". Hasemi uongo. Ila dawa ninazozizungumzia ni za zamani, si za gharama ya kutisha, na ugonjwa uliokwisha kutambuliwa na daktari bingwa unaweza kufuatiliwa na mhudumu wa ngazi ya chini aliyefundishwa, kama ambavyo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo mwanzoni zilikuwa za hospitali kubwa tu, leo zinatolewa hadi katika zahanati.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha kwamba hakuna njia nyingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa wa Dodoma. Ukichukua kile kipimo cha mtu mmoja katika 300, unapata zaidi ya watu elfu kumi wenye skizofrenia peke yake, bila kuwagusa wenye sonona, wenye kifafa, wala wanaohangaika na pombe. Hesabu yangu ni ya penseli, wala kipimo cha dunia nzima hakilazimiki kushika barabara katika kila mkoa, lakini hata ukiigawa kwa mbili, hakuna hospitali ya kuwalaza watu hao, wala haitakiwi iwepo. Shirika hilo hilo la afya liliandika katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba asilimia 71 ya watu wenye maradhi ya aina ya kichaa duniani hawapati huduma yoyote ya afya ya akili. Watu hao wapo majumbani. Wapo kwenye nguzo, na kamba zao si zote zilizozungushiwa kanga.

Nimesema habari za sonona, na hapa mjini ndiyo ninayoiona zaidi, ingawa mara chache huitwa kwa jina lake. Haisemwi kuwa ni huzuni. Husemwa kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata, mwili hauna nguvu. Jirani yangu mmoja, mama lishe, alitibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili katika mwaka mmoja, akanywa pia dawa za vidonda vya tumbo, hadi siku daktari mmoja alipoweka kalamu chini na kumuuliza kama analala usiku, na kama hapana, anawaza nini. Alikuwa na mikopo minne ya ile inayoitwa kausha damu, wa pili ukilipa wa kwanza na wa nne ukilipa wa tatu, na kila Jumatatu wanakikundi walikuwa wakija kukaa kibarazani kwake. Alipewa dawa na ushauri nasaha. Siku ya tano alitaka kuacha dawa kwa kuwa hakuona mabadiliko, na ilibidi nimkumbushe, nikijifanya mjuzi, kwamba dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajauona unafuu. Madeni, bila shaka, hayakupungua kwa kidonge, na hilo nalo daktari alimwambia wazi, akamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii.

Mji wetu umebadilika haraka. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, wamekuja watumishi wengi walioacha wenza na watoto Dar es Salaam, wanaolala vyumba vya kupanga na kuonana na familia zao mwisho wa mwezi. Vyuo navyo vimejaza mji vijana. Sitawasemea, maana wao wanaweza kuandika wenyewe. Ninachoona ni kwamba watu hawa wana simu na wana nauli, lakini nao hushuka kituo kimoja kabla.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wakae kimya, nalo limo katika vitabu vya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Mtu aliyefika ukingoni akanusurika anahitaji kusema ukweli wote kwa mhudumu wa kwanza anayekutana naye. Kwetu, ndugu zake humwonya njiani aseme kwamba alikosea chupa. Basi anatibiwa tumbo, anaruhusiwa, na kile kilichompeleka ukingoni kinarudi naye nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyokusudia kumwangalia mtu huyu kama mgonjwa mwenye haki. Hizi mbili haziwezi kukaa ndani ya nyumba moja bila kugombana. Jirani zetu wa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Mimi si mwanasheria, lakini sioni ni nani anayelindwa na kifungu chetu.

Kwa mtoto aliye katika hali ya hatari, nimewafundisha wanafunzi wangu wote namba 116, ambayo ni ya bure na imewekwa kwa ajili yao. Tunaikariri kama jedwali la kuzidisha. Siku moja binti mmoja aliniuliza kama namba hiyo inaweza kupigwa kwa sababu ya mama. Nilimwambia aje ofisini wakati wa mapumziko, na mengine yaliyofuata ni yake.

Viongozi wa dini wana nafasi kubwa kuliko wanavyojua. Mchungaji wa kijijini kwetu aliwahi kumwambia mama aache dawa aonyeshe imani, aliyemfuata alimwombea mdogo wangu mbele ya usharika, kisha akamuuliza kwa sauti, kila mtu akisikia, "Na dawa umemeza leo?" Sijui chuo gani kilimfundisha huyo wa pili, lakini tangu siku hiyo watu wawili wengine katika usharika ule wameanza kliniki.

Mdogo wangu leo anapogoa zabibu. Mikono hutetemeka kidogo asubuhi kwa sababu ya dawa, hivyo huanza kazi saa nne badala ya saa moja, na mwenye shamba la jirani anayempa kibarua amekubali hivyo bila maneno mengi. Sauti hazijaisha zote. Anasema zimekuwa kama redio ya nyumba ya tatu: anazisikia, hazimtumi.

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa kijiji. Nilisubiri hadi kwenye mengineyo, nikainuka, nikawasalimu wazee mbukwenyi, nikaeleza kwamba kila mwezi gari la huduma ya mkoba huja kijijini kwa chanjo za watoto na kupima wajawazito, na kwamba ninaomba tuandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya ili siku hiyo hiyo ziwe zinaletwa na dawa za kifafa na za magonjwa ya akili kwa wale ambao tayari wana madaftari, na mhudumu anayeweza kuzitoa. Nilisema pia kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa upya kitaifa mwaka 2024, wangeweza kupita kwenye kaya hizo kuangalia kama mtu anameza na kama shingo inapinda. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusimama, nilisema mbele ya watu wote kwamba mdogo wangu hakuwa Dar es Salaam miaka ile. Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja alisema, "Tulijua, mwalimu. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mwenyekiti aliniagiza nilete hoja kwa maandishi. Nimeiandika, mtendaji amegonga muhuri, barua imekwenda wilayani, nami ninangoja.

Mkutano ulipovunjika, mwanamume mmoja ninayemfahamu kwa sura tu alinifuata hadi karibu na choo cha ofisi, mahali ambapo watu hawasimami bila sababu. Aliniuliza kliniki ya Mirembe inaanza saa ngapi. Alisema anaulizia kwa niaba ya rafiki yake wa kijiji cha pili. Nilimwambia waondoke na gari la alfajiri, rafiki yake aje na mtu mmoja anayekaa naye nyumba moja, na wabebe kila karatasi ya hospitali waliyo nayo. Akauliza washukie wapi. Nikamtajia kituo chenyewe.